Gofu ya vumbi Garissa: fimbo moja, mikebe mitano na bakora ya mzee

Mpira wa kwanza niliupiga vizuri. Naulilia kwa sababu saa nzima iliyofuata sikupata mwingine kama huo. Uliruka chini chini kuelekea mgunga niliokuwa nimeulenga, ukaangukia ardhi ngumu kama sakafu ya saruji, ukadunda, ukadunda tena, kisha ukapotea.

Ulipotelea wapi, sikuelewa. Hapakuwa na nyasi za kuuficha wala bwawa la kuumeza. Palikuwa na mchanga mwekundu, vichaka vya mathenge, mifuko ya plastiki iliyonaswa miibani, na korongo wawili wenye vipara waliosimama kama mahakimu waliochoka na kesi. Nilizunguka vichaka dakika kumi, miiba ikitoboa soli za raba zangu. Mvulana wa miaka kumi au kumi na miwili, aliyekuwa na mbuzi karibu na pale, akanihurumia. Hakutazama vichakani. Alienda moja kwa moja mahali mpira ulipogusa ardhi mara ya kwanza, akainama, akaona kikombe kidogo mchangani. Akapiga hatua, akaona cha pili. Kisha cha tatu. Halafu ukaanza mstari mwembamba, kama nyoka mchanga amepita, ukakata kushoto kwenye jiwe ambalo mimi sikuwa nimeliona kabisa.

"Iko hapa, adeer," akasema, akionyesha chini ya mzizi kwa kidole cha mguu.

Adeer ni ami kwa Kisomali, ndugu wa baba, na ndivyo mtoto wa Garissa anavyomwita mwanamume wa makamo hata kama ni mgeni asiyejua kutafuta kitu chake mwenyewe.

Sikuwa nimekuja Garissa kwa ajili ya gofu. Nilikuja kwa arusi ya binti wa rafiki niliyesoma naye, nikiwa na siku mbili za kukaa bure kabla ya shughuli. Lakini nilikuwa nimetia ndani ya buti la gari chuma namba saba kilichochakaa, kipande cha nyasi za plastiki ukubwa wa msala, na mipira tisa ya rangi ya machungwa. Safari ya zaidi ya kilomita 360 kutoka Nairobi, kupitia Thika na Mwingi, hushuka polepole hadi unahisi mtu amefungua mlango wa tanuri. Ukifika Madogo, ng'ambo tu ya Mto Tana, kuna ukaguzi kabla ya daraja. Askari alifungua buti, akaishika ile fimbo, akaigeuza.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kucheza gofu, afande."

"Gofu. Garissa." Akamwita mwenzake aje asikie mwenyewe. Walinirudishia fimbo yangu pamoja na kitambulisho, kwa heshima ile anayopewa mgonjwa.

Swali lao lilikuwa la haki. Sijaona klabu ya gofu mjini humo, na kila niliyemuuliza alidhani nauliza kuhusu mchezo wa televisheni. Kwa Wakenya wengi gofu ni nyasi. Ni Muthaiga na Karen, ni ile klabu ya Nairobi iliyoanza mwaka 1906 na kupewa jina la kifalme mwaka 1935, ni Kenya Open inayochezwa tangu 1967, na ni watu wenye kofia nyeupe wakinong'ona karibu na zulia la kijani. Kaskazini Mashariki, kwa hao hao, ni ukame na habari mbaya. Jamaa zangu waliposikia ninakokwenda, walikumbuka 2 Aprili 2015 na wale watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siwalaumu. Mji wenyewe pia haujasahau. Ila una mambo mengine: una arusi, una soko la mifugo ambalo wanunuzi wa Nairobi na Mombasa hulitegemea, una maziwa ya ngamia yanayouzwa na akina mama kandokando ya barabara, na una ardhi tambarare isiyo na mwisho. Ardhi hiyo ndiyo niliyoitamani.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu wa gofu ya vumbi ni Magadi.

Msomaji asiyeijua Magadi aende mara moja, asubuhi, akiwa na maji ya kutosha. Ni takriban kilomita 120 kusini-magharibi mwa Nairobi. Unapita Kiserian, unateremka Bonde la Ufa, unaliacha kando eneo la Olorgesailie ambako Louis na Mary Leakey walikuta mashoka ya mawe yametapakaa kama vile wenyewe wametoka kwenda kunywa maji, kisha unaliona ziwa lenye rangi ya waridi na chumvi nyeupe. Kampuni ya magadi ilianzishwa pale mwaka 1911, ikajengewa reli yake kutoka Konza. Watu wa kampuni walipotaka kucheza gofu hawakusubiri nyasi ziote. Walichonga mashimo tisa juu ya ardhi kavu, na uwanja huo upo hadi leo, hauna nyasi, kwenye mji ambao joto lake halioni haya kupita nyuzi 40.

Nilicheza pale nikiwa mgeni, na nilicheza vibaya. Nilikuwa nimezoea uwanja unaosamehe. Kwenye nyasi, mpira hukaa juu kidogo, kama yai juu ya kiota, na fimbo ikichelewa au ikiwahi kidogo bado utapata kitu. Kwenye mchanga mgumu hakuna kiota. Ukigonga ardhi kabla ya mpira, fimbo hudunda na kuupiga mpira utosini, nao hutambaa kwa aibu. Ukiangukia mahali pa mchanga laini ukakosea vilevile, mchanga unakula nguvu yote na mpira unasogea hatua tatu. Na ukilenga shimo kwa mpira wa juu, ule unaotua taratibu ambao wacheza gofu wa mijini hujivunia, unatua juu ya mwamba na kuendelea na safari zake.

Badala ya grini, viwanja vya namna hii huwa na brauni: duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, ambalo husawazishwa kwa kukokotwa ubao au chuma kila baada ya watu kupita. Usidhani ni kitu duni. Brauni iliyosawazishwa vizuri ni ya kweli kuliko grini nyingi nilizochezea. Haina mteremko wa hila wala nyasi zinazolalia upande mmoja. Ukikosa pale, umekosa wewe.

Baada ya mashimo manne nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nikicheza mchezo mwingine unaotumia vifaa vilevile. Unarudisha mpira nyuma kidogo kwenye msimamo wako, mikono inatangulia, unapiga mpira kwanza na ardhi baadaye. Unauacha utembee. Unachagua mahali pa kuudondoshea mita thelathini au arubaini kabla ya shimo, na kuchagua huko ndiko kazi yote: hapa pana kokoto, pale pana udongo uliokauka ukapasuka, kule magari yamepita yakaacha mfereji. Macho yanashuka kutoka kwenye bendera hadi chini ya miguu.

Hilo si jambo la Magadi peke yake. Katika Ghuba, wafanyakazi wa mafuta walicheza juu ya mchanga miongo mingi kabla ya Emirates Golf Club kufungua uwanja wa nyasi Dubai mwaka 1988. Ndugu zetu wa Muscat watakumbuka Ghala, uwanja uliokuwa wa mchanga kwa miaka mingi kabla ya kuoteshwa kijani. Kule Coober Pedy, Australia, mji wa wachimbaji wa vito ambako watu huishi chini ya ardhi kukimbia jua, mchezaji hubeba kipande chake cha nyasi bandia, anaweka mpira juu yake, anapiga, anaokota kipande chake na kuendelea. Msimu wa joto kali huko hucheza usiku kwa mipira inayong'aa. Na kama ni kutafuta uwanja mkavu kuliko yote, basi Alan Shepard amemaliza ubishi: Februari 1971 alipiga mipira miwili juu ya mwezi, kwa mkono mmoja, ndani ya nguo ya anga. Hakuirudia kuitafuta.

Basi Jumanne ile nikiwa Garissa, baada ya swala ya alasiri, mwenyeji wangu alinipeleka ukingoni mwa mji, mahali alipochagua yeye. Mgeni katika nchi hii haamui mwenyewe pa kutembea, huuliza. Tulikuwa tunaziona nyumba na minara, na wao wanatuona. Tulikuwa na mikebe mitano ya maziwa ya unga, tukaifukia hadi shingoni, tukasimika vijiti vilivyofungwa vitambaa. Mashimo matano. Mwenyeji wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi kazi nusu nusu, aliuliza kwa nini yasiwe kumi na manane kama ya kwenye televisheni. Nikamweleza kwamba hata St Andrews, huko Uskochi, uwanja ulikuwa na mashimo ishirini na mawili hadi mwaka 1764, wakayapunguza wenyewe, na dunia nzima ikafuata. Kama wao walipunguza, na sisi tuna mikebe mitano.

Uskochi kwenyewe gofu ilianzia kwenye mchanga wa ufukweni usiofaa kulimwa, na nyasi zikapunguzwa na kondoo na sungura. Inasemwa hata yale mashimo ya mchanga yanayowatoa machozi wachezaji yalichimbwa na kondoo waliokuwa wakijikinga na upepo. Ni mchezo wa malishoni. Sikuona ajabu kuurudisha kwa wafugaji.

Kanuni tulizitunga papo hapo. Ngamia wana haki ya njia. Mpira ukiingia kwenye unyayo wa ngamia, unautoa bila adhabu, maana unyayo huo ni sahani nzima. Mpira ukiingia ndani ya boma la miiba, umekwenda; usijaribu kuwa shujaa. Ngiri, ambao Garissa hutembea mitaani kama wana hati za viwanja, wasisumbuliwe. Na kisulisuli kikija, kila mtu ageuze mgongo, afumbe mdomo, na mpira utakapokuwa baada ya vumbi kutua ndipo utakapopigiwa.

Kuhusu umbali, nilikuwa nimejidanganya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira huruka kwa hisani ya mwinuko. Garissa haifiki mita 200. Chuma namba saba changu kilipoteza heshima yake angani. Lakini joto lenyewe huifanya hewa kuwa nyepesi kidogo, halafu ardhi inalipa deni lote: mpira ulioanguka mapema huendelea kukimbia hadi unaanza kuuomba usimame. Shimo la pili niliupita mkebe mara tatu, kwenda na kurudi, kama matatu inayotafuta abiria.

Kufikia hapo tulikuwa na watazamaji. Wavulana sita, msichana mmoja mwenye ndoo aliyesahau alikokuwa akienda, na mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, shuka ya macawis yenye mistari, na bakora mkononi. Wavulana walitaka kujaribu. Mmoja alikuwa na hangool, ile fimbo ya mfugaji yenye panda upande mmoja na ndoana upande wa pili, ya kukokotea matawi ya miiba wakati wa kujenga boma. Aliigeuza upande wa ndoana akapiga. Mpira ulikwenda kando, lakini ulikwenda.

Mzee alitazama mikwaju yangu mitatu bila kusema kitu. Kisha akamuuliza mwenyeji wangu kwa Kisomali, naye akanitafsiria: anataka kujua kwa nini unapiga kwa hasira.

Sikuwa na jibu. Mzee akasogea, akaigeuza bakora yake mpini chini, akautazama mkebe ulioko kama hatua ishirini na tano. Hakuutazama sana. Alichotazama ni ardhi ya katikati. Alisogea hatua mbili kushoto, akasugua mchanga kwa kandambili, akarudi. Akausukuma mpira taratibu, ukaenda mbali na shimo, upande wa kulia kabisa, nikadhani amekosea. Ukafika kwenye mfereji mdogo uliochongwa na maji ya mvua ya zamani, ukaufuata mfereji, ukageuka nao, ukasimama karibu hatua moja na mkebe. Wavulana walipiga kelele. Mzee akairudisha bakora yake mahali pake akaiegemea, kana kwamba hiyo ndiyo kazi ya bakora na ile nyingine ilikuwa mzaha.

Mimi nilikuwa nimetembea juu ya mfereji ule mara tatu.

Tulipumzika chini ya mgunga, chai ya maziwa yenye sukari nyingi na iliki ikaletwa kwenye chupa. Mzee alichora mchangani, kwa kidole, miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha akabonyeza vijishimo kwenye pembe na katikati ya kila upande. Hiyo ni shax, mchezo wa wafugaji wa Kisomali. Vijishimo ni ishirini na vinne; kila mchezaji ana kete kumi na mbili, mmoja huokota vijiwe na mwenzake huvunja vijiti. Ukipanga tatu mstari mmoja, unamla mwenzako kete. Inaonekana rahisi kama vile bao linavyoonekana rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kufungiwa bao na bibi yake. Alinimaliza mara mbili kabla chai haijapoa.

"Ninyi," alisema, safari hii kwa Kiswahili, "mnachimba shimo moja, halafu mnatembea nusu siku kulitafuta. Sisi tunachimba ishirini na manne, na tunakaa kivulini."

Maafisa wa Kiingereza waliotawala nchi hii ilipoitwa Northern Frontier District walikuwa na namna yao ya kupambana na upweke. Wajir, mamia ya kilomita kutoka baharini, waliipa klabu yao jina la Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, mahali ambapo maji ni ya kisimani! Wajir inasifika kwa visima vyake, ngamia huja kunywa kutoka mbali, lakini mashua haielei kisimani. Huwa nacheka nikilifikiria jina hilo, halafu nacheka kidogo nikikumbuka msala wangu wa nyasi za plastiki. Kila mgeni anayekuja huku hubeba kipande cha kwao.

Mwalimu aliniuliza kama naona siku moja Garissa itakuwa na uwanja halisi. Nilimwambia naomba usiwe wa kijani. Uwanja wa nyasi jangwani hunywa maji kila siku bila kukosa, na miji ya Ghuba hutoa chumvi kwenye maji ya bahari na kusafisha maji taka ili kuyanywesha nyasi hizo. Garissa ina Tana tu. Mto huo ndio mrefu kuliko yote nchini, na kandokando yake kuna mashamba ya ndizi, maembe na matikiti yanayolisha mji. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokatika msimu baada ya msimu hadi ikafika mitano, uliacha mizoga barabarani kaunti nzima. Halafu Aprili 2024 mto huohuo ukavimba, ukakata barabara ya Nairobi, na watu wakafa kwenye mashua wakijaribu kuvuka mafuriko upande wa Madogo. Mto wenye tabia hiyo, na wenye watu wengi hivyo wanaouegemea (sensa ya 2019 ilihesabu 841,353 katika kaunti ya Garissa), hauna lita za kumwagia mchezo wangu. Jua wanalo, hata limefanywa mali: tangu 2019 kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 katika kaunti hiyo. Na mchanga wanao. Uwanja wa brauni hauhitaji zaidi ya hivyo, pamoja na mtu wa kukokota ubao.

Mwalimu alinisikiliza, akasema wavulana wake wanahitaji kwanza uwanja wa kandanda wenye kivuli. Hilo nalo nililiandika.

Tulirudi kumalizia shimo la tano jua likiwa limeshuka nyuma ya Tana na joto limepungua hadi mtu anaweza kupumua kwa pua. Mpira wangu ulikuwa hatua nane kutoka kwenye mkebe. Nilikuwa nimeanza kuisoma ile njia: mteremko mdogo kulia, nyayo za mbuzi, kisha pagumu. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa kwanza, wa pili ukadakia. Mzee na mwalimu wakaondoka kwenda kuswali, wavulana wakakusanya mbuzi wao. Haikuwa adabu kubaki pale nikipiga mpira peke yangu. Nikauacha ulipo, nikaweka jiwe jeupe kando yake.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, siku kubwa ya soko la mifugo, na nilipofika pale saa moja asubuhi makundi yalikuwa yamekwisha kupita. Mkebe ulikuwa umekanyagwa ukawa bapa. Jiwe jeupe lilikuwepo. Mpira haukuwepo.

Nikainama. Kwato za mbuzi zilipita kushoto ya jiwe, hazikuligusa. Unyayo wa ngamia mmoja, mbali zaidi. Na karibu kabisa na mahali mpira ulipokuwa, alama nyingine: vidole vitatu virefu mbele, kimoja kifupi nyuma, hatua pana za mtu asiye na haraka. Zilifika kwenye mpira, zikasimama, zikazunguka mara moja. Kisha zikaelekea upande wa mjini. Nilizifuata hatua ishirini, hatua thelathini, zikawa zinaonekana vizuri. Halafu ghafla zikaisha, na pande zote mbili za alama ya mwisho mchanga ulikuwa umefagiliwa na mabawa.